Mkato Katika Kijiti: Asili ya Neno la Kiingereza "Score"



Kiingereza kina neno moja fupi la hesabu ambalo humsumbua mwanafunzi wetu kupita maneno mengi marefu. Neno lenyewe ni "score". Akifungua kamusi, aona kwamba maana yake ni ishirini. Akisikiliza habari za mpira, asikia neno lile lile, na mabao hayakufika ishirini. Pengine ni mawili kwa moja. Akienda kanisani, amwona mwalimu wa kwaya ameshika kitabu kikubwa chenye sauti zote za wimbo pamoja, na kitabu hicho nacho chaitwa "score". Akisoma hadithi ya mtu aliyedhulumiwa ujanani, akarudi uzeeni kulipiza kisasi, aambiwa kwamba mtu huyo alikuwa na "score" ya kale. Basi mwanafunzi hushika kichwa, akasema kwamba Waingereza ni wachoyo wa maneno, hutumia moja kwa kazi tano.

Sivyo. Maana hizo zote ni watoto wa mama mmoja, na mama huyo ni mkato wa kisu katika kijiti.

Neno hili si la Kiingereza tangu mwanzo. Lilikuja na watu wa Skandinavia, yaani watu wa nchi za Denmark na Norwe, ambao kuanzia mwisho wa karne ya 8 walivuka bahari kwa vyombo vyao, kwanza kwa kuteka nyara, kisha kwa kukaa na kulima katika sehemu za kaskazini na mashariki za Uingereza. Wao walisema "skor", maana yake mkato au pengo lililokatwa katika mti. Shina lake ni la kukata, na ndugu zake wamo katika Kiingereza hata leo: "shear", kukata sufu ya kondoo, "share", fungu, yaani kipande kilichokatwa, na "short", kifupi, kitu kilichopunguzwa kwa kukatwa. Maana hiyo ya kwanza haikufa. Mpishi wa Kiingereza anapomchanja samaki ubavuni ili chumvi na ndimu zimwingie, kazi hiyo huiita "score". Hajui kwamba ndiye aliyeshika maana ya kale kuliko wote.

Sasa, mkato umekuwaje ishirini? Tutazame mchungaji wa kondoo. Hajui kusoma wala kuandika, lakini hapana budi ajue jioni kwamba kondoo waliorudi ni wale wale waliotoka asubuhi. Wanyama wapita mmoja mmoja katika mlango wa zizi, naye ahesabu kwa kinywa. Kinywa chahesabu vyema mpaka mahali fulani, kisha akili yachoka na hesabu yachanganyika. Kwa hiyo, wasema wenye elimu ya maneno, mchungaji alihesabu mpaka ishirini, akakata mkato mmoja katika fimbo yake, akaanza tena moja. Jioni mikato minne na kondoo saba ni kondoo themanini na saba. Hivyo mkato ukawa jina la ile ishirini iliyoufanya ukatwe. Katika milima ya kaskazini ya Uingereza hesabu ya namna hii ilikumbukwa muda mrefu sana: wachungaji walikuwa na majina yao ya pekee ya kuhesabia kondoo, yasiyofanana na hesabu ya kawaida, yaliyoanza "yan, tan, tethera" na kukoma ishirini. Hapana ishirini na moja katika hesabu hiyo, kwa sababu haikutakiwa.

Na kwa nini ishirini, wala si kumi? Sababu tunayo miilini mwetu. Mwenye kuhesabu kwa vidole vya mikono atakoma kumi. Akiongeza vya miguu atafika ishirini. Wamende wa Sierra Leone wana neno la ishirini ambalo maana yake hasa ni "mtu mzima", yaani mtu aliyemalizika, vidole vyote vimekwisha. Wayoruba wa Nigeria huhesabu arobaini na sitini kwa mafungu ya ishirini. Wamaya wa Amerika ya Kati walijenga hesabu zao za miaka na nyota juu ya ishirini. Katika Ulaya, Wafaransa husema "nne-ishirini" kwa themanini, na "nne-ishirini-na-kumi" kwa tisini. Na katika Paris ipo hospitali ya macho iitwayo Quinze-Vingts, maana yake "kumi-na-tano-ishirini", kwa kuwa Mfalme Louis IX alipoianzisha katika karne ya 13 ilikuwa nyumba ya vipofu mia tatu. Wabelgiji waliona taabu ya kusema nne-ishirini-na-kumi, wakashika neno moja fupi la tisini, na ndiyo sababu msemaji wa Kifaransa wa Kongo hutambulikana mara moja anapotaja namba hiyo mbele ya Mfaransa.

Waingereza wenyewe walizoea sana kuhesabu kwa "score" katika maneno ya heshima. Biblia yao iliyochapishwa mwaka 1611, inapotaja urefu wa maisha ya binadamu katika Zaburi ya 90, haisemi sabini kwa neno moja. Huzifanya ishirini tatu na kumi. Abraham Lincoln, Rais wa Marekani, aliposimama penye makaburi ya askari huko Gettysburg tarehe 19 Novemba 1863, alianza hotuba yake kwa kuhesabu miaka tangu 1776. Ilikuwa miaka 87, lakini alitaja ishirini nne na saba, ili masikio ya watu yasikie mlio wa Biblia. Leo hakuna Mwingereza aendaye dukani akaomba "score" ya mayai. Lakini magazeti yao bado huandika kwamba "scores" za watu wamekufa katika ajali, na hapo mfasiri yampasa awe macho. Akiandika watu ishirini amekosa, na jamaa za watu waliokuwa katika ajali ile wataisoma habari isiyo ya kweli. Maana yake ni makumi ya watu, wengi, ambao idadi yao haijajulikana bado.

Hata hivyo, kijiti hakikuwa cha mchungaji peke yake. Kazi yake kubwa ilikuwa deni.

Tufikiri watu wawili, mmoja amemkopesha mwenzake gunia kumi za ngano, na wote wawili hawajui kuandika. Mdai akikata mikato kumi katika fimbo yake, ni nani atakayemzuia asiongeze wa kumi na moja usiku? Na mdaiwa akishika fimbo yeye, nani atamzuia asiitupe motoni? Watu wa Ulaya walipata dawa ya jambo hili ambayo mimi naiona ni mojawapo ya akili nzuri sana za watu wasiojua kusoma. Walichukua kijiti kimoja, wakakata mikato kupita upande mmoja hata wa pili, kisha wakakipasua kijiti chote kwa urefu, katikati. Kila nusu ikawa na mikato ile ile. Mdai akashika nusu yake, mdaiwa nusu yake. Siku ya kulipa, nusu mbili ziliwekwa pamoja. Mdai aliyeongeza mkato, mkato wake ulikosa mwenzake. Mdaiwa aliyeuziba mkato mmoja naye alionekana. Wala haikuwezekana kuleta nusu ya kijiti kingine, kwa sababu nyuzi za mti hupasuka kwa njia zake, na hakuna miti miwili ipasukayo sawasawa. Kijiti hiki Waingereza walikiita "tally", neno lililotoka katika Kilatini kwa maana ya fimbo iliyokatwa. Na jamaa yake ni "tailor", mshonaji, kwa kuwa mshonaji hukata nguo kabla ya kushona.

Usidhani kwamba ilikuwa kazi ya watu wa shamba tu. Hazina ya mfalme wa Uingereza iliweka hesabu zake kwa vijiti kwa zaidi ya miaka mia sita. Richard FitzNigel, mtunza hazina wa Mfalme Henry II, aliandika kitabu katika miaka ya 1170 akaeleza jinsi vijiti vilivyokatwa. Urefu wa kijiti uwe tangu ncha ya kidole cha shahada hata ncha ya kidole gumba kilichonyoshwa. Sisi kipimo hicho twakiita futuri. Paundi elfu moja zikatiwe mkato wenye unene wa kiganja. Paundi mia, upana wa kidole gumba. Paundi ishirini, upana wa kidole cha mwisho. Paundi moja, upana wa punje ya shayiri iliyojaa. Shilingi iwe nyembamba zaidi, na peni iwe mchoro tu, bila kutoa kipande cha mti. Tazameni kwamba ishirini imepewa mkato wake wenyewe, na kumi haikupewa. Tena shilingi ishirini ndizo zilizofanya paundi moja. Hesabu hiyo ilifika hata huku kwetu: shilingi ya Afrika ya Mashariki ilipotolewa mwaka 1921, ishirini kati yake zilikuwa sawa na paundi ya Kiingereza, na wazee wengi wa Kenya na Tanganyika waliita noti ya shilingi ishirini "paundi" hata baada ya uhuru. Waingereza wenyewe waliiacha hesabu hiyo tarehe 15 Februari 1971.

Kati ya nusu mbili za kijiti cha hazina, moja ilifanywa ndefu kidogo, yenye mpini, nayo iliitwa "stock". Hiyo alipewa yule aliyetoa fedha. Kwa hiyo aliyemkopesha mfalme alikuwa "mshika stock", na watu wengi wa elimu ya maneno wahusisha desturi hiyo na jina la soko la hisa la leo. Nusu ile ndefu iliweza hata kuuzwa kwa mtu mwingine kabla deni halijalipwa, kama hundi.

Lakini kijiti huthibitisha deni tu. Hakina nguvu ya kulilipa. Mwezi wa Januari mwaka 1672 Mfalme Charles II, akijitayarisha kwa vita na Waholanzi na fedha imemwishia, alitangaza kwamba hazina yasimamisha malipo kwa waliomkopesha. Hao hasa walikuwa wafua dhahabu wa London, ambao kazi yao siku zile ilikuwa kama ya benki: fedha walizomkopesha mfalme zilikuwa amana za watu wengine. Baadhi yao walifilisika kabisa, na wajane na wafanya biashara waliokuwa wameweka akiba kwao wakajikuta mikono mitupu. Hakuna aliyebisha kwamba deni lilikuwapo. Ushahidi ulikuwapo kamili, nusu kwa nusu.

Karatasi na wino zilikwisha enea zamani, na vijiti vikaendelea. Katika miaka ya 1780 Bunge lilipitisha sheria ya kuviondoa, lakini kwa kuwaonea huruma maofisa waliokula mshahara kwa kazi hiyo, sheria haikutumika mpaka wa mwisho wao alipoondoka kazini, na hiyo ilikuwa mwaka 1826. Basi marundo ya vijiti yakabaki Westminster bila kazi. Mwaka 1834 ikaamriwa vichomwe. Wangaliweza kuwagawia maskini wa jirani kuwa kuni, kama Charles Dickens, mwandishi wa hadithi, alivyosema baadaye kwa dhihaka katika hotuba yake ya mwaka 1855, hawakufanya hivyo. Tarehe 16 Oktoba 1834, tangu asubuhi, vibarua wawili walivitia katika tanuri zilizokuwa chini ya baraza ya Malodi. Vijiti vilikuwa vikavu kwa miaka mingi, vikawaka kwa ukali. Alasiri wageni waliokuja kutazama baraza waliona joto likipenya sakafu na kuingia katika viatu vyao, na moshi ulikuwa mwingi hata hawakuweza kuona vizuri mapambo ya ukutani. Hakuna aliyezima tanuri. Saa kumi na mbili jioni moto ulilipuka, na kabla ya kucha karibu jumba lote la Bunge la Uingereza lilikuwa majivu. Jumba lililoko leo, pamoja na mnara wake wa saa unaojulikana ulimwenguni kote, lilijengwa mahali pa lile lililoteketezwa na hesabu za kale.

Turudi kwa "score" katika maisha ya watu wa kawaida. Katika vilabu vya pombe vya Uingereza, mwenye klabu alimwekea mnywaji alama kwa kila kikombe alichokunywa bila kulipa, kwa mkato katika fimbo, na baadaye kwa chaki juu ya ubao au mlango. Alama hizo zikaitwa "score", na kulipa deni la klabu kukawa kulipa "score". Kutoka hapo si mbali kufika kwenye kisasi. Mtu aliyetukanwa na hakujibu ameweka mkato moyoni. Siku atakapojibu amelipa. Sisi tumepita njia hiyo hiyo bila ya kufundishwa na mtu, kwani twasema kulipa deni, na twasema kulipiza kisasi, kitenzi kimoja.

Michezo nayo ilianza kwa kisu. Katika karne ya 18, wachezaji wa kriketi walipokimbia kati ya viti vyao viwili, mwandishi wa mchezo alikata mkato katika fimbo kwa kila mbio, na mbio zenyewe ziliitwa mikato. Karatasi ikashika mahali pa fimbo, jina likabaki, likaenea katika kila mchezo mpaka mpira wa miguu. Na huku kwetu mpira ulipofika tukasema "bao", jina ambalo asili yake ni ubao. Hivyo Mwingereza ahesabu ushindi wake kwa kijiti, nasi kwa ubao, na wote wawili tumesahau mti. Habari ya muziki ni fupi: karatasi iliyobeba sauti nyingi ilipigwa mistari ya kusimama iliyopita sauti zote tangu juu hata chini, kama mikato, ndipo karatasi ikapata jina.

Wala asidhani mtu kwamba kukata alama za hesabu ni ufundi wa Ulaya. Mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba Ishango, mahali ambapo mto Semliki watoka katika Ziwa Edward, upande wa Kongo, akapata mfupa mdogo wenye mikato katika safu tatu. Mfupa huo una umri wa miaka elfu ishirini hivi au zaidi, nao umewekwa Brussels. Katika safu mojawapo mikato imepangwa mafungu ya 11, 21, 19 na 9: yaani kumi na moja zaidi, ishirini na moja zaidi, ishirini kasoro moja, kumi kasoro moja. Jumla yake ni sitini, na safu nyingine pia ni sitini. Wataalamu wabishana bado kama aliyekata alikuwa akihesabu siku za mwezi, au akicheza na namba, au akitia mikwaruzo ili mkono usiteleze. Mimi sithubutu kuamua kati yao.

Pwani yetu ilikuwa na "score" yake, isiyotoka kwa Waingereza. Ni korija, au korja kama wengine watamkavyo. Maana yake ni vitu ishirini, si namba ishirini tu: huwezi kusema umri wa mtu ni korija moja na miaka mitano, bali husema korija ya nguo, au korija ya boriti. Katika Lamu na katika midomo ya Rufiji, miti ya mikoko ilikatwa, ikachaguliwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, ikafungwa na kuuzwa kwa korija kwa manahodha wa Arabuni na Ghuba. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alikuwamo katika jahazi moja la Kuwait lililoingia Rufiji kupakia miti hiyo, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Miti ilikwenda kuezeka nyumba katika nchi isiyo na miti, na upana wa vyumba vya huko ulifuata urefu wa boriti za kwetu. Mkataji aliyesimama katika tope hadi magotini alilipwa kwa korija, na nahodha alinunua kwa korija. Ikikosekana miti miwili katika ishirini, mmoja wao amekula hasara, na kila mmoja alijua ni nani.

Neno lenyewe lilitoka Bara Hindi, ambako "kori" ni ishirini, likachukuliwa na wafanya biashara wa bahari hii. Wareno walilisema "corja". Na Waingereza wa Kampuni ya India ya Mashariki, walipofika kununua nguo katika karne ya 17, waliliweka neno lao la "score" kando wakaandika "corge" katika vitabu vyao vya hesabu, kwa sababu muuzaji aliyesimama mbele yao na mafurushi yake hakuuza kwa jina jingine.